Kutulia Juu ya Pikipiki ya Trayali: Mwongozo Kamili wa Mizani na Udhibiti

Mtu anayeona mashindano ya trayali, yaani ya kupita vizuizi kwa pikipiki bila kugusa ardhi kwa mguu, kwa mara ya kwanza huuliza mbona wanakwenda polepole hivyo. Pikipiki hazina kiti, waendeshaji wamesimama muda wote, na kipande cha njia chenye mawe, magogo na kingo za udongo kinaweza kumchukua mtu dakika nzima ilhali kwa miguu ungekipita kwa hatua chache. Jibu limo kwenye alama. Ukigusa ardhi kwa mguu mara moja ndani ya kipande hicho, unaandikiwa alama 1 ya adhabu. Mara mbili, alama 2. Mara tatu au zaidi, 3. Ukianguka au ukitoka nje ya mipaka, 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Kwa hiyo mguu ndio unaouzwa na kununuliwa hapa, wala si kasi, na kila utakachojifunza kinalenga kuufanya mguu huo ubaki kwenye kikanyagio chake.

Mwongozo huu ni kwa anayeanza, na pia kwa yule aliyekwisha kuzoea kidogo lakini bado hujikuta akichomoa mguu kila pikipiki inapoyumba. Nitakaa sana kwenye kusimama papo hapo na kwenye klachi, kwa sababu humo ndimo nilimopoteza muda wangu mwingi kwa kuruka hatua. Nilitaka kupanda magogo kabla sijaweza kusimama kwa sekunde tano. Nilipanda, naam, na nikashuka upande wa pili nikiwa chini ya pikipiki.

Kwanza, ikague pikipiki

Mizani ikikataa, mara nyingine kosa si lako. Anza na upepo wa matairi. Tairi la trayali hujazwa upepo mdogo kiasi cha kumshangaza mwendesha pikipiki wa barabarani: la nyuma karibu pauni 4 hadi 5 kwa inchi ya mraba (psi), la mbele karibu pauni 5 hadi 6. Kwa upepo huo tairi hujibonyeza na kulikumbatia jiwe. Ukilijaza likawa gumu, pikipiki itadunda juu ya kila kokoto nawe utadhani miguu yako ndiyo mibovu. Tumia kipimo kilichotengenezwa kwa upepo mdogo, maana cha gari hakisomi vizuri huko chini.

Vishikio vya klachi na breki ya mbele virekebishe viwe karibu na vidole, kwa namna ambayo kidole kimoja cha shahada kinatosha kuvivuta huku vidole vingine vyote vikiwa vimeshika usukani. Hilo ni la lazima. Anayevuta klachi kwa vidole vinne anakuwa ameuachia usukani kwa mkono mmoja kila mara anapobana. Vigeuze pia kidogo kuelekea chini, ili ukisimama kifundo cha mkono kinyooke na mkono wa mbele badala ya kupinda juu.

Geuza usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Uende laini, bila kukwama kwenye waya wala mpira wa breki. Pikipiki ya trayali hukata kona kali kuliko karibu pikipiki nyingine yoyote, na uwezo huo unautaka wote.

Mwisho, kamba ya kuzimia injini. Upande mmoja umefungwa kwenye usukani kwa sumaku au klipu, upande wa pili unaufunga kwenye kifundo cha mkono. Ukitupwa, injini inazima. Ivae hata unapofanya mazoezi ya dakika mbili. Helmeti, buti ndefu zenye soli ngumu na glavu, hayo sitayajadili, vaa.

Namna ya kusimama

Panda, simama, halafu sahau mikono kwa muda. Uzito wote uende miguuni. Kanyaga kwa ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, ili kifundo cha mguu kiwe huru kupinda. Vidole vitazame nje kidogo. Magoti yalegee, yasiibane pikipiki. Pikipiki inatakiwa iweze kulala kushoto na kulia katikati ya miguu yako bila kukuburuta wewe. Kiuno kiwe juu ya vikanyagio, kifua mbele kidogo, viwiko vimefunguka nje, kichwa juu.

Kipimo rahisi ni hiki: ukiwa umesimama, fungua vidole vya mikono yote miwili. Ukianza kuangukia nyuma au mbele, basi ulikuwa unaning'inia kwenye usukani. Usukani ni wa kuelekeza tu, haukuwekwa hapo uwe mkongojo wako.

Mikono iliyokakamaa ndiyo ugonjwa wa kwanza wa kila mwanafunzi. Mkono ukikakamaa, kila mtikisiko wa mwili unaingia kwenye usukani, tairi la mbele linageuka bila kuagizwa, unazidi kuogopa, unazidi kukakamaa. Dawa yake haimo mikononi. Ukiimarisha miguu, mikono italegea yenyewe.

Kusimama papo hapo

Hapa ndipo pa kukaa. Pikipiki inayokwenda kasi husaidiwa na mwendo wake. Ukipunguza hadi mwendo wa kinyonga msaada huo hupotea, na kinachobaki ni wewe kuweka uzito juu ya ule mstari mwembamba unaounganisha tairi la mbele na la nyuma. Usidhani bingwa amesimama kama nguzo. Mtazame karibu, utaona anacheza muda wote: goti linatoka, kiuno kinasogea, usukani unatikisika kidogo. Tofauti yako na yake ni kwamba yeye anasahihisha kosa likiwa bado dogo.

Fanya hivi, injini ikiwa imezimwa.

1. Tafuta ardhi tambarare na ngumu. Weka tairi la mbele liguse ukuta au jiwe kubwa. Ingiza gia ya kwanza ili tairi la nyuma lisizunguke.

2. Geuza usukani hadi mwisho upande unaoupenda. Wengi huanza kushoto. Shika breki ya mbele kwa kidole kimoja.

3. Panda kwenye kikanyagio kimoja, kisha cha pili, polepole. Macho yatazame kitu kisichotembea, ardhini, mita mbili au tatu mbele yako. Usitazame tairi. Ukitazama tairi, umeanguka.

4. Bonyeza uzito kidogo kwenye shokapu za mbele, ili pikipiki itulie badala ya kuchezacheza.

5. Ikianza kuangukia kushoto, chomoza goti la kulia nje upesi, liwe kama jiwe la mizani, na kiuno kifuate. Ikiangukia kulia, goti la kushoto. Tumia goti kabla ya bega, maana bega likianza kupepesuka huwa tayari umechelewa.

6. Ukiona imekushinda, shusha mguu mmoja kwa utulivu, jipange, rudia.

Mara za kwanza utahesabu sekunde mbili. Hiyo ni kawaida, usione aibu. Ukifikisha kumi mfululizo ukiwa ukutani, ondoka ukutani. Ukifikisha kumi bila ukuta, geuza usukani upande wako mbaya, na kila mtu ana upande mbaya. Mwisho kabisa jaribu usukani ukiwa umenyooka, ambao ni mgumu kuliko pande zote mbili.

Baada ya hapo kuna zoezi ninalolithamini kuliko yote katika mwongozo huu. Tafuta mteremko mdogo sana, ambao pikipiki ikiachiwa itarudi nyuma taratibu. Washa injini, elekea juu, gia ya kwanza, usukani umegeuzwa kushoto. Sasa klachi inakusogeza mbele sentimita chache, na ukiibana mteremko unakurudisha. Tairi la mbele likiwa limegeuzwa kushoto, kila pikipiki inaposogea mbele tairi hilo hutambaa kuelekea kushoto, na kila inaporudi hutambaa kulia. Maana yake ni kwamba ukihisi unaangukia kushoto unaachia klachi kidogo, tairi linakwenda chini ya uzito wako na kukuinua. Ukiangukia kulia, unaibana na kuiacha irudi. Siku utakapoielewa hiyo kwa mwili wala si kwa kichwa, utaacha kuogopa kusimama. Utakuwa na mahali pa kurudi kila mambo yanapoharibika katikati ya mawe.

Kuna jambo la kukumbuka kuhusu sheria: baadhi ya mashindano huruhusu kusimama ndani ya kipande, mengine huadhibu pikipiki inayoacha kwenda mbele. Soma sheria za siku hiyo. Lakini hata pale kusimama kunapokatazwa, aliyejifunza kusimama ndiye anayeweza kwenda polepole kuliko wote.

Klachi, akselereta na breki ya nyuma

Waendeshaji wengi waliotoka kwenye pikipiki za kawaida huitazama klachi kama swichi ya kubadilishia gia: imebanwa au imeachiwa. Kwenye trayali klachi ndiyo sauti yako. Unanong'ona nayo, unapaza nayo, na sehemu yote ya maana iko katika milimita chache za katikati, pale ambapo pikipiki inaanza kuvuta lakini bado haijashika kabisa. Itafute hiyo sehemu. Simama, gia ya kwanza, akselereta umeifungua kidogo tu na kuituliza, kisha achia klachi hadi usikie sehemu ya nyuma ya pikipiki inajikusanya kama paka anayetaka kuruka. Bana tena. Rudia mara hamsini. Nasema hamsini kwa maana ya hamsini.

Halafu kuna mguu wa kulia. Breki ya nyuma, ikikanyagwa kwa wepesi huku injini ikivuta, hutuliza pikipiki yote. Mnyororo hukaza, shokapu ya nyuma hutulia, na ile mishtuko ya injini katika mwendo mdogo humezwa. Vitatu hivyo hufanya kazi pamoja: akselereta hubaki karibu pale pale, klachi hupima nguvu, breki ya nyuma hupunguza. Anayeanza hufanya kinyume, hupima nguvu kwa akselereta, akifungua na kufunga, na pikipiki inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Zoezi: weka alama mbili ardhini, umbali wa mita kumi. Pita kutoka moja hadi nyingine kwa muda mrefu kadiri uwezavyo, umesimama, bila kushusha mguu. Jipime kwa saa. Kama leo umetumia sekunde kumi na tano, wiki ijayo tafuta ishirini. Fanyeni wawili ikiwezekana. Mbio za kushindana nani atafika wa mwisho zina mvuto wake, na huwafundisha watu subira bila wao kujua.

Ikiwa klachi inaanza kubadilika, inavuta hata ikiwa imebanwa, basi imepata joto. Izime injini, pumzika, ipoe. Klachi za pikipiki hizi huogelea kwenye mafuta na huvumilia mengi, lakini hazivumilii ukaidi.

Kona za kubana

Kwenye barabara umezoea kulala pamoja na pikipiki kuelekea ndani ya kona. Sahau. Katika mwendo wa kutembea kwa miguu, pikipiki inalala ndani na mwili wako unabaki nje. Ukikata kushoto, pikipiki inainamia kushoto, kiuno chako kinakwenda kulia, na uzito unakaa kwenye kikanyagio cha kulia, kile cha nje. Mkono wa kulia unanyooka kuufuata usukani, wa kushoto unapinda na kiwiko kinainuka. Mabega na uso vinageuka kuelekea unakotaka kutokea, mapema, kabla tairi halijafika.

Kosa moja linawakamata karibu wote: wanageuza usukani nusu tu. Wanaogopa mwisho wake. Kwa hiyo anza kona ukiwa umesimama papo hapo, usukani tayari umegeuzwa hadi mwisho kama ulivyozoea kwenye zoezi la kwanza, kisha achia klachi taratibu na uzunguke duara lote bila kuurudisha. Duara hilo litakuwa dogo kuliko ulivyodhani. Zunguka kushoto mara kumi, kulia mara kumi, ukiona kizunguzungu pumzika. Baadaye unganisha maduara mawili yawe namba nane. Pale katikati, mwili unapohama kutoka nje ya duara moja kwenda nje ya lingine, ndipo somo lilipo. Hamisha miguu kwanza, usukani ufuate.

Ukiweza namba nane kwenye tambarare, ipeleke kwenye mteremko wa ubavu. Hapo kanyaga zaidi kikanyagio cha upande wa bondeni na uache pikipiki iegemee upande wa mlima. Moyo utakuambia ujibanze kwenye mlima pamoja nayo. Ukiusikiliza, matairi yatateleza.

Kupanda na kushuka

Kwa ufupi. Unapopanda, mwili uende mbele kadiri mlima unavyosimama, lakini uzito ubaki miguuni, maana tairi la nyuma bila uzito linachimba tu. Kasi ichukuliwe chini, kabla ya mlima. Ukiwa katikati kazi yako ni kuituliza. Unaposhuka, kiuno nyuma, miguu karibu inyooke, mikono isikakamae. Kidole kimoja kwenye breki ya mbele, kwa mkandamizo unaoongezeka pole badala ya kunyakua, na breki ya nyuma ikisaidia. Tairi la mbele likianza kuteleza, legeza breki kwa nukta moja, lishike tena.

Kuinua tairi la mbele

Sasa magogo. Chagua dogo, lenye kimo cha sentimita ishirini hadi thelathini, lisilobiringika. Likibiringika, hujajifunza chochote isipokuwa maumivu.

Lifikie ukiwa umenyooka nalo, kwa mwendo wa kutembea. Karibu nusu mita kabla, chuchumaa: kunja magoti, shokapu zishuke. Zinaporudi juu, inuka nazo, sukuma vikanyagio kwa miguu na upeleke kiuno nyuma, na wakati huo huo achia klachi huku ukitia akselereta kidogo. Mambo matatu, pigo moja. Usiuvute usukani kwa mikono. Mikono inafuata tu. Tairi la mbele litapanda na kutua juu ya gogo. Hapo hapo bana klachi, funga akselereta, leta mwili mbele, na ulegeze magoti ili tairi la nyuma lipande lenyewe bila kukupiga mgongoni.

Kabla ya gogo lolote, fanya mwendo huo kwenye tambarare hadi uwe na uhakika wa jambo moja: ukikanyaga breki ya nyuma, tairi la mbele linarudi chini. Hiyo ndiyo kinga yako. Dougie Lampkin wa Uingereza alizunguka njia yote ya milimani ya Isle of Man kwa tairi la nyuma peke yake mwaka 2016, zaidi ya kilomita 60. Hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unafanya, kwa zaidi ya saa nzima, kazi ile ile unayoifanya wewe kwa nukta moja mbele ya gogo: kupima kati ya kupinduka na kushuka.

Kurukia pembeni

Mbinu hii ya kusogeza pikipiki kando kwa kudunda inahusishwa sana na Bernie Schreiber, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979. Ifikie tu ukiwa unaweza kusimama papo hapo kwa sekunde ishirini, pande zote. Anza na tairi la mbele: breki zote zimeshikwa, bonyeza shokapu, zinaporudi inua usukani kidogo na uuhamishe sentimita kumi. Tua, tulia, hesabu hadi tatu. Usiruke tena kabla hujatulia. Mruko wa pili unaofanywa ili kuokoa wa kwanza hugeuka kuwa wa tatu na wa nne, na mwisho wake ni ardhini. Tairi la nyuma ni hivyo hivyo, ila uzito unakwenda mbele na kiuno ndicho kinachozungusha.

Namna ya kupanga mazoezi

Dakika arobaini mara tatu kwa wiki zinashinda siku nzima ya Jumamosi. Mizani hukauka mwili ukichoka, na baada ya saa moja na nusu utakuwa unajizoesha makosa. Anza kila mara kwa kusimama papo hapo dakika kumi, injini imezimwa, hata ukishakuwa hodari. Toni Bou wa Hispania ametwaa ubingwa wa dunia wa trayali ya nje, isiyo ya ukumbini, mwaka baada ya mwaka tangu 2007, na hata bingwa kama yeye hutegemea kusimama papo hapo.

Chagua kosa moja kwa siku. Leo mikono iliyokakamaa tu, kesho macho yanayoshuka kwenye tairi. Ukiweza, mpe mwenzako simu akurekodi kwa ubavu. Utashangaa jinsi magoti uliyoyadhani yamekunjwa yalivyonyooka kama fito. Na ukiona umeanza kushusha mguu kwenye zoezi ambalo jana ulilimaliza, zima injini, kunywa maji, rudi ukutani usimame sekunde kumi mara tano, kisha ufunge siku.